Noah na Tela la Kulala: Kutoka Chake Chake mpaka Vumawimbi

Assalaam alaykum, karibuni. Nipo Chake Chake, Pemba, uani kwetu, na hiki mnachokiona nyuma yangu si kibanda cha urojo. Nasema mapema kwa sababu wiki mbili hizi kila baraza ninayopita nasimamishwa: "Mwanangu, unafungua lini?" Hili ni tela la kulala. Ndani mna godoro la watu wawili. Nyuma hapa, subiri nifungue... mlango unakwenda juu, na chini yake kuna jiko la gesi, ubao wa kukatia vitu na nafasi ya madumu mawili ya maji. Mimi na mama watoto tunalala humu, watoto wanalala garini, viti vimelazwa.

Gari yenyewe ni Toyota Noah ya 2005. Petroli, lita 2, gia ya CVT inayojibadilisha yenyewe, inavuta kwa miguu ya mbele. Ndiyo hii hii inayopeleka watoto chuoni na siku ya harusi inabeba masufuria.

Swali mlilonijaza nalo ni moja: Noah itaweza kulivuta? Itaweza. Injini hii ina nguvu za farasi 150 hivi, na tela likiwa limejaa nimelipima, kilo 372. Hao ni watu wazima watano tu, na kila siku mnapakia zaidi ya hao. Barabara ikiwa tambarare unasahau kama kuna kitu nyuma. Nililolikuta mimi ni kwamba kuvuta ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Tabu iko kwenye kupanga mzigo, na kwenye kusimama.

Tuanze na mzigo, maana hapo ndipo nilipotiwa adabu.

Safari ya kwanza niliweka madumu ya maji huku nyuma, karibu na jiko. Akili ya kawaida, si ndiyo? Maji ya kupikia yakae karibu na jiko. Madumu mawili ya lita 20, kilo 40. Natoka Chake kuelekea Wete, nafika kama kilomita 60 kwa saa kwenye mteremko, tela likaanza kucheza. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, na kila mara linaongeza. Unahisi kama mtu amekushika kiuno kwa nyuma anakutikisa. Mama watoto alianza kusoma dua kwa sauti.

Likikutokea hilo, usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kulikimbia kwa kuongeza mafuta. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, acha mwendo ushuke wenyewe. Nilifanya hivyo, likatulia, nikaegesha, nikakaa chini ya mwembe dakika kumi nzima nikinywa maji.

Kumbe sababu ni hii pua. Sogeza kamera... hapa. Huu mkono wa chuma unaokaa juu ya kichwa cha mviringo nyuma ya gari. Pua inatakiwa ilemee gari kidogo, kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wote wa tela. Ikiwa nyepesi mno, mkia wa tela ndio unaoamua uende wapi. Niliporudi nikaazima mizani ya magunia kwa jirani yangu anayenunua karafuu. Nikapandisha mpira wa kulia, kisha wa kushoto, kisha pua, huku kwengine nimeweka vibao ili tela lisiinamie upande. Mpira mmoja 181, mwengine 177, pua 14. Kumi na nne! Nikayahamisha madumu, nikayaweka mbele ya miguu ya tela, chini ya godoro. Nikapima tena: 166, 165, pua 41. Uzito wote ni ule ule, sikutoa hata kijiko. Tangu hapo halijacheza tena.

Jirani amecheka sana. Anasema mizani yake imezoea kupima vitu vya maana.

Lakini na wewe usizidishe huko mbele. Noah inavuta kwa mbele, na pua ikilemea sana nyuma ya gari inakaa, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, na taa usiku zinamulika minazi. Ndiyo maana nasema wazi: ukijaza watu wanane garini, tela liache nyumbani. Sisi ni watano, watatu wakiwa watoto, na hata hivyo nilibadilisha springi za nyuma kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa zimechoka.

Haya, kusimama. Tela hili halina breki zake. Breki ni zile nne za gari tu, na sasa zinasimamisha vitu viwili. Kule Ulaya tela lisilo na breki haliruhusiwi kuzidi kilo 750, wala kuzidi nusu ya uzito wa gari inayolivuta. Mimi nimekaa chini kabisa ya hapo na bado ninaona tofauti. Mahali nilipozoea kukanyaga breki, sasa nakanyaga mapema zaidi, na gari iliyo mbele naipa nafasi maradufu. Bodaboda wanaiona ile nafasi wanadhani nimewaachia wao. Mwendo wangu ni 50.

Na Pemba si Unguja, mnajua wenyewe. Huko Unguja mtu anatoka mjini mpaka Makunduchi hajui mlima. Huku ni bonde na kilima, bonde na kilima. CVT ni mkanda wa chuma unaozunguka kwenye puli mbili zinazoubana, na adui yake ni joto. Kupanda, kanyaga taratibu. Kushuka, weka gia ya chini, injini ikusaidie kushika, usiteremke na breki tupu mpaka zinuke. Na kabla hujafunga chuma cha kuvutia tela, badilisha oili ya gia, ya CVT. Si ATF, ile oili ya gia za otomatiki za kawaida! Fundi akikwambia zote sawa, chukua funguo yako uondoke.

Jambo jengine ambalo sikulitegemea: karafuu. Msimu huu, watu wameanika majamvi pembeni mwa barabara, kila kijiji. Tela halifuati njia ya gari kwenye kona, linakata ndani. Nikapinda kushoto karibu na Konde, gari ikapita salama, mpira wa tela ukapanda pembe ya jamvi. Nikateremka mbio. Mzee mmoja kakaa pale, ananitazama tu.

"Shikamoo babu, nisamehe."

"Marahaba. Hiyo nyumba yako haina macho?"

Tukaokota pamoja, punje moja moja, na watoto wakasaidia. Hakutaka pesa. Sasa kona zote nachukua kwa upana, na nimefunga vioo vya pembeni vyenye mikono mirefu, maana tela ni pana kiasi cha kukuziba kabisa kioo cha ndani.

Vumawimbi, ule ufukwe tulioufuata: msitu wa Ngezi tuliupita vizuri, njia ya vumbi lakini inapitika, polepole. Mwisho pale ni mchanga, na Noah ikazama miguu ya mbele mita chache tu baada ya kuingia. Usihangaike kukanyaga mafuta, unajichimbia kaburi. Tulilifungua tela, wavuvi wanne wakalisukuma kwa mikono mpaka kivulini, tukapunguza upepo kwenye mipira, tukatandika makuti, gari ikatoka. Kumbe tela dogo lina raha yake, watu wanalibeba kama ngalawa. Ila msiliingize majini hata kidogo. Maji ya chumvi yakifika kwenye beringi, umekwisha. Mimi kila nikisimama naweka kiganja katikati ya mpira: moto wa kawaida sawa, ukishindwa kugusa kuna tatizo.

Mafuta: peke yake gari hunipa kilomita 10 kwa lita, na tela 7 na nusu. Nimepima kwa kujaza sheli ile ile, kwenda na kurudi.

Kitu kidogo kwa wanaotaka kumpa fundi kazi. Kile kichwa cha mviringo kina saizi. Cha kwangu ni milimita 50, na kikombe cha tela lazima kiwe cha saizi hiyo hiyo. Kikombe kikubwa juu ya kichwa kidogo kitakaa vizuri hapa uani, kitachomoka kwenye shimo la kwanza. Na minyororo ya akiba iwe miwili, ipishane chini ya pua, ili pua ikichomoka ianguke juu ya minyororo isichimbe lami. Bima nayo, waulizeni wenu kabla ya safari.

Nitalibakisha? Ndiyo. Kwa familia ya watano, mwendo wa 50, sina neno.

Kurudi nyuma ndiko bado kunanitia aibu. Wanasema shika usukani kwa chini, kisha peleka mkono upande unaotaka tela liende. Naam. Mama watoto, njoo ushike kamera. Ule mpapai pale, ukiona naukaribia, piga kelele.