Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri katika maabara mpya: tathmini baada ya miezi 14

Maabara yetu ya baiolojia ya molekuli ilipofunguliwa chuoni, nami nikiwa mtafiti wa kwanza kuajiriwa humo, kifaa cha kwanza kuagizwa hakikuwa darubini wala mashine ya PCR (ya kunakili DNA mara nyingi), bali friza ya kusimama inayoshusha joto hadi nyuzi 80 za Selsiasi chini ya sifuri. Ujazo wake ni kadiri ya lita 550, ina milango minne midogo nyuma ya mlango mkubwa, na imefanya kazi mfululizo kwa miezi 14. Naandika tathmini hii kwa ajili ya watafiti wanaoanza na chumba kitupu kama tulivyoanza sisi, kwa sababu maoni mengi niliyoyasoma kabla ya kununua yalitolewa na watu ambao friza zao zilikwisha kujaa, ilhali friza tupu ina tabia yake, na tabia hiyo nusura itugharimu kazi ya miezi mitatu.

Nianze na ubaridi wenyewe, ambao sina lawama nao. Ndani yake mna mizunguko miwili ya kupoza, kila mmoja na kompresa yake: wa kwanza huupokonya wa pili joto lake, na wa pili ndio unaolitoa joto katika rafu. Tuliiacha isimame wima siku nzima baada ya kushushwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake, kisha tukaiwasha ikiwa tupu. Ilifika nyuzi 80 chini ya sifuri baada ya saa saba hivi, na katika siku tatu za majaribio, kabla hatujaweka sampuli hata moja, kipimajoto nilichokihamisha kutoka rafu hadi rafu kilionyesha tofauti ya nyuzi tatu tu kati ya juu na chini. Siku hizi tumeiweka kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri, kiwango kinachotosha kwa bakteria na DNA tunazozihifadhi. Mita tuliyoifunga kwenye soketi ilishuka kutoka kilowati-saa 13 hadi karibu 10 kwa siku.

Mlango unahitaji subira. Ukiufunga, hewa ya chumbani iliyoingia hupoa na kusinyaa, shinikizo la ndani likashuka, na kwa dakika chache huwezi kuufungua tena hata ukiuvuta kwa mikono miwili. Si kasoro, kipo kitundu maalumu cha kupitishia hewa, nacho hufanya kazi vizuri mradi kisizibwe na barafu. Mtu aliyezoea friza ya kawaida atadhani umekwama, na mwanafunzi mmoja aliwahi kuuvuta hadi mpini ukalegea, kwa hiyo waelezeni wageni mapema.

Kasoro halisi ni kengele ya tahadhari. Friza huja na kengele inayolia humo humo chumbani joto linapopanda au umeme unapokatika, na katika maabara kongwe, yenye watu usiku na mchana, pengine hiyo inatosha. Sisi tulikuwa wanne. Alfajiri ya Jumapili moja, saa kumi, sakiti breka (swichi ya usalama ya umeme) ya ukuta ilikochomekwa friza ilijizima, kwa kuwa friza ilikuwa kwenye laini moja ya umeme na inkubeta yenye kitikisio, yaani kabati la joto la kukuzia bakteria, na kengele ikalia saa tano katika jengo lisilo na mtu. Nilipoingia saa tatu asubuhi, kioo kilionyesha nyuzi 38 chini ya sifuri. Muda huo hauonekani mrefu, lakini rafu tatu kati ya nne zilikuwa hazina kitu isipokuwa hewa, na hewa haihifadhi ubaridi wowote wa maana.

Hasara haikuwa sawa kwa kila kitu, na hili ningependa msomaji alitilie maanani anapopanga rafu zake. Akiba zetu za bakteria katika gliseroli, kimiminika kizito cha kuwakinga na baridi, zilinusurika zote, kwa sababu gliseroli huzuia fuwele za barafu zisipasue seli. RNA, molekuli inayofanana na DNA lakini huharibika upesi, nayo ilikuwa bado imeganda, na tulipoipima kwenye jeli ilionekana nzima. Walioumia ni bakteria wa E. coli tuliokuwa tumewaandaa kupokea plasmidi, yaani viduara vidogo vya DNA: kabla ya siku ile walitupatia koloni (vikundi vya bakteria vilivyoota kutokana na seli zilizoipokea) zipatazo milioni 100 kwa mikrogramu moja ya DNA, na baada yake hawakufika hata milioni moja, ingawa kwa macho tyubu zao hazikuwa na tofauti yoyote. Kama nisingewapima, ningelaumu majaribio yangu kwa miezi.

Nyuma ya friza kuna kituo cha nyaya cha kuunganishia kengele ya mbali, jambo ambalo muuzaji hakulitaja na mwongozo umelitengea aya moja tu karibu na mwisho. Fundi wa chuo aliunganisha kifaa kidogo kinachopiga simu za watu watatu kwa zamu, akaipa friza laini yake ya umeme. Kisha tukazijaza rafu tupu chupa za maji, zisizojazwa hadi juu kwa kuwa maji yakiganda hutanuka, tukizigandisha kwanza katika friza ya kawaida na kuziingiza chache kwa siku ili kompresa zisilemewe. Tulipoizima kwa makusudi kwa saa tano, sampuli zikiwa zimehamishiwa kwa majirani, joto halikupanda hata kufikia nyuzi 55 chini ya sifuri.

Kitu kingine cha kununua ni raki za chuma za kupangia viboksi, ambazo haziji na friza na huuzwa peke yake. Msiahirishe. Kiboksi kimoja cha tyubu 81 hutafutwa kwa sekunde chache kikiwa na nafasi yake kwenye orodha. Kikiwa kimerundikwa, mlango hukaa wazi dakika nzima na barafu huota kwenye mpira wake.

Ningeinunua tena friza hii, kwa sharti kwamba kengele ya mbali na laini ya umeme viwe tayari kabla haijawashwa. Chupa za maji zinapungua taratibu kadiri kazi inavyoongezeka. Jana nimetoa ya mwisho katika rafu ya pili, kwa kuwa mwanafunzi wetu mpya alihitaji nafasi ya viboksi vyake sita.