Ryzen 7 5800X3D kwa wapenzi wa Flight Simulator, maoni yangu

Aisee wadau nimekaa na hii prosesa miezi minne sasa na sijutii. Kabla nilikuwa na Ryzen 5 3600, kila nikitua Heathrow (uwanja wa ndege wa London) ndani ya gemu mashine inakwamakwama kama daladala la mafuta machafu, nkasema shida ni kadi ya grafiki, kumbe wapi! Hili gemu la Microsoft linaibana sana kori moja (kitengo kimoja cha kuchakata) ya prosesa hasa kwenye viwanja vikubwa, kwahiyo ungeweka hata kadi ya bei mbaya bado ungeumia.

Sasa hii X3D ina kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96, ile 3600 ina 32 tu, na gemu za ndege zinapenda kashe kuliko hata spidi. Uzuri mwingine inaingia kwenye mazabodi ileile ya AM4 (aina ya soketi ya prosesa), mi nina ya B450, nkaapdeti bayosi (programu ya mazabodi inayowasha mashine) kwanza (usisahau hapo, utawasha upate skrini nyeusi uanze kumlaumu muuzaji bure).

Ubaya wake inachemka, na haiji na feni, ukiitoa kwenye boksi unatakiwa uwe umeshanunua kifaa kizuri cha kuipoza. Halafu haina grafiki ya ndani.

Ram weka GB 32, 16 inaishiwa haraka ukishaongeza mandhari. Kama unaanza upya kabisa usinunue hii, nenda AM5 (soketi mpya zaidi) uchukue prosesa ya 7800X3D. Ila kama tayari uko AM4, we chukua tu ukaruke.