Irqbalance au kupanga kwa mkono?

Seva yetu ya Linux hapa Chake Chake ina prosesa 8, lakini makatizo yote (ishara za kuiomba prosesa ihudumie kifaa) ya kadi ya mtandao yalikuwa yakiielemea moja, nyingine zimekaa kitako. Fungua /proc/interrupts utaiona dhuluma hiyo wazi.

Irqbalance, programu ya Linux, huyagawa makatizo kati ya prosesa yenyewe, ikikagua mzigo kila sekunde 10. Kwa seva ya kazi mchanganyiko inatosha.

Kupanga kwa mkono, yaani kuandika namba ya prosesa kwenye faili la smp_affinity_list la kila foleni ya kadi (safu ambamo data za mtandao husubiri zamu), kunachosha, na umeme ukikatika mpangilio hupotea usipouwekea skripti. Lakini foleni hubaki na prosesa yake, na kashe, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi ya prosesa, haivurugiki. Kwa seva ya kupitisha pakiti (vipande vya data za mtandao) usiku kucha, mimi nachagua mkono. Ila zima irqbalance kwanza, isije ikafumua ulichosuka.