Darasa la jioni la Maandiko, Mkunazini: sura kwanza, hoja baadaye

Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, huendeshwa darasa la jioni kwa Wakristo watu wazima, na mada ya muhula uliomalizika ilikuwa moja tu: Maandiko Matakatifu yana mamlaka gani juu ya imani na mwenendo wa Mkristo, na ni nani mwenye haki ya kuyafasiri. Nililihudhuria hadi mwisho na ninalipendekeza, ingawa kuna jambo moja kubwa ambalo halikupaswa kuachwa.

Ubora wa darasa hili umo katika utaratibu wake. Mwalimu haruhusu mtu kujenga hoja juu ya aya kabla sura yake haijasomwa yote kwa sauti, utaratibu ambao mwanzoni huchosha, hasa kwa sisi tuliozoea mahubiri yanayorukaruka kutoka kitabu hiki hadi kile. Ile 2 Timotheo 3:16, isemayo kwamba kila andiko lina pumzi ya Mungu, ambayo wengi wetu tulikuwa nayo kichwani, ilisomwa pamoja na aya zinazoitangulia, ndipo ikadhihirika kwamba maandiko ambayo Timotheo anakumbushwa kuwa aliyajua tangu utoto ni yale tunayoyaita leo Agano la Kale, kwa kuwa Agano Jipya lilikuwa bado halijakusanywa. Swali la nani aliyelikusanya likajileta lenyewe, na mwalimu hakulikwepa: alieleza barua ya Athanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367, inayoorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya tulivyo navyo, kisha akawaachia Waanglikana, Wakatoliki na Wapentekoste waliokuwapo wajadiliane iwapo Kanisa kuvitambua vitabu ni sawa na kuvipa mamlaka. Hawakuafikiana, wala hakuwalazimisha.

Somo lililonufaisha zaidi lilitokana na mshiriki aliyeulizwa na jirani yake Mwislamu kwamba Krismasi ya tarehe 25 Disemba imeandikwa wapi katika Injili. Katika visiwa hivi, ambako watu wamezoea kutaka dalili ya kila ibada, hilo ni swali la kawaida barazani wala si uchokozi, na jibu la kweli ni kwamba tarehe hiyo haijaandikwa popote. Mwalimu alitupeleka kwenye zile Kanuni 39 za Kianglikana za mwaka 1571. Kanuni ya 20 inalipa Kanisa uwezo wa kupanga taratibu za ibada, ila inalikataza kuamuru lolote lililo kinyume na Neno la Mungu lililoandikwa. Ya 6 inasema kwamba lisilosomwa katika Maandiko, wala kuthibitishwa kwayo, lisitakiwe kwa mtu yeyote kama sharti la wokovu. Kwa hiyo sikukuu ni halali, lakini hakuna awezaye kumwambia Mkristo asiyeiadhimisha kuwa amepotea. Kwa kipimo hicho hicho tuliyapima maji na mafuta ya upako yanayouzwa kwa ahadi ya uponyaji, na sidhani kama wote walifurahi.

Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki ambao mwaka 1546 uliamua kwamba Maandiko na mapokeo ya mitume yapokewe kwa heshima iliyo sawa, ulielezwa kwa haki, Marko 7, inayolaumu mapokeo ya wanadamu, na 2 Wathesalonike 2:15, inayoagiza mapokeo yashikwe, zikisomwa pamoja ili kila upande usikie andiko linaloutia shaka. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alipewa dakika chache mno. Mapatano ya ushirikiano kati ya misheni za Kianglikana na za Kiprotestanti nyingine, yaliyopendekezwa Kikuyu, Kenya, mwaka 1913, yaliyataja Maandiko kuwa kanuni kuu ya imani na mwenendo, naye akayapinga kwa kuwa, kwake, Kanisa haliwezi kuupuuza uaskofu. Mjadala wenyewe wa muhula huo ulikuwa umekwisha kufanyika hapa hapa kwetu.

Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni kwamba darasa linalokutana hatua chache kutoka kanisa kuu, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, halikuuliza hata mara moja jinsi Biblia ile ile ilivyowatumikia watetezi wa utumwa kule Marekani, walioshika Waefeso 6:5, inayowaagiza watumwa wawatii bwana zao, na pia waliopigania kuukomesha. Kama Maandiko ndiyo mwamuzi wa mwisho, basi kesi hii ilistahili jioni nzima, maana ndipo utaratibu wa kusoma sura yote ungepimwa kwa uzito wake. Nililitaja jambo hili kwenye karatasi ya maoni, nikajibiwa kwa adabu kwamba muda haukutosha.

Ada ni ndogo na vipindi huanza kwa wakati. Nakala zinazogawiwa ni hafifu, maandishi ya pembeni hayasomeki, na Biblia za kuazima hazina vitabu vya deuterokanoni, yaani vile vya Agano la Kale ambavyo Wakatoliki wanavikubali lakini Biblia nyingi za Kiprotestanti hazinavyo, kwa hiyo somo la Trento halifuatiki bila mtu kuja na Biblia yake iliyo navyo. Wanaotoka Pemba wafahamu kwamba masomo hayarekodiwi.