Kanuni ya SIP Yenye Utata: Kushika Maandishi au Kufuata Kusudio?

RFC 3261 ya mwaka 2002, waraka wa viwango vya intaneti unaoeleza jinsi itifaki ya SIP inavyoanzisha simu za intaneti, inasema kwamba ombi la re-INVITE, yaani la kubadilisha simu inayoendelea, likikataliwa, vigezo vya mazungumzo vibaki kana kwamba ombi halikutumwa. Lakini haikuweka wazi la kufanya iwapo baadhi ya mabadiliko, mathalani kuongeza video, yamekwisha kutekelezwa kabla ya jibu la mwisho.

Mtengenezaji anayeshika maandishi ya kanuni hurudisha kila kitu nyuma. Gharama yake ni ndogo na majaribio ni rahisi, ila upande wa pili usiporudi nyuma, mmoja hutuma video ambayo mwenzake haitarajii.

Anayefuata kusudio, yaani pande zote mbili ziwe katika hali moja, hupata simu imara zaidi, lakini kila tafsiri aliyoichagua lazima aiandike na kuitunza, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye gharama halisi. RFC 6141 ya mwaka 2011 iliegemea huku: mabadiliko yakishatekelezwa, mpokeaji anapaswa kutoa jibu la kukubali.

Anayeandaa kifaa kwa ajili ya upimaji wa ulinganifu na kiwango atafaidika na maandishi. Mwendeshaji anayeunganisha mitambo ya watengenezaji wengi atahitaji kusudio, pamoja na kumbukumbu za ujumbe zinazoonyesha jinsi kila mtambo unavyojibu.