Nivo gani ya kununua Lubumbashi, na kwa nini uigeuze kabla ya kulipa

Meza ya jiko langu ina urefu wa mita 3. Masoni, yaani fundi mwashi, alimwaga beto (zege) mwezi wa nane, akabandika karo, akasafisha, nikamlipa hesabu yake yote. Siku ya kwanza kuosha sahani, maji hayakwenda kwenye sinki. Yalikimbilia kona ya friji, yakatulia pale, na mpaka jioni yalikuwa bado yapo.

Nilimwita Papa masoni, nikamwambia maneno makali mbele ya watoto. Hakubishana. Alisema tu: "Mama, nivo ilinionyesha sawa." Nivo ni pimamaji, kile chombo chenye kichupa cha majimaji na kiputo cha hewa kinachoonyesha kama kitu kimelala sawa. Na hiyo niliinunua mimi mwenyewe, soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, ya sentimita 60, kwa sababu yake ilikuwa imevunjika. Akaichukua, akailaza juu ya meza, kiputo kikakaa katikati. Kisha akaigeuza, ncha ya kushoto ikaenda kulia. Kiputo kikatoka nje ya mistari kabisa. Ilibidi tusukume penseli chini ya ncha moja ndipo kikarudi katikati. Penseli ina unene wa milimita 7 hivi, na nusu yake ndiyo kosa la nivo: milimita 3.5 katika sentimita 60, yaani karibu milimita 6 kwa kila mita. Kwa mita 3 inakaribia sentimita 2. Papa masoni alifanya kazi yake vizuri, nivo ndiyo iliyomdanganya, nami ndiye niliyemletea.

Tangu niisimulie habari hii, wengi wameniuliza wanunue nivo gani. Sitawachosha na urefu, rangi wala sumaku. Urefu unategemea kazi: sentimita 60 inatosha nyumbani, na anayejenga ukuta atafute ya mita 1.20. Sumaku inamfaa mchomeleaji wa vyuma. Jambo ambalo karibu hakuna anayeliangalia dukani ni namna kichupa kilivyofungwa ndani ya mwili wa nivo.

Kichupa si bomba lililonyooka, ingawa kwa macho kinaonekana hivyo. Ndani kimepinda kidogo, katikati pako juu kuliko pembeni, na kiputo kinapanda kila mara mahali palipo juu zaidi. Kwa hiyo kichupa kikikaa upande hata kwa unene wa ukucha, kiputo kitakuwa sahihi kwa kichupa na cha uongo kwa meza yako. Kwenye nivo nyingi za bei ndogo kichupa kimo ndani ya kipande cha plastiki kilichobanwa au kukazwa kwa skrubu mbili. Kiwandani kilifungwa haraka. Kisha nivo ikapanda lori, ikalaliwa na magunia, ikavuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ikashushwa kwa kurushwa. Hata ile iliyotoka kiwandani ikiwa nzima inaweza kufika kwetu imeshapotoka, na kwa nje huoni kitu: aluminiamu inang'aa, rangi ni mpya, plastiki haijachanwa.

Ndiyo maana nasema igeuze. Huhitaji meza iliyo sawa, kaunta yoyote ya duka inafaa. Ilaze, weka alama ya kalamu kwenye ncha zote mbili, tazama kiputo kimekaa wapi. Sasa izungushe nusu duara, ncha zibadilishane mahali juu ya alama zilezile. Kiputo kikikaa palepale, upande uleule wa kaunta, nivo ni nzima, hata kama kaunta imeinama. Kikihama, irudishe. Kwa kichupa cha kusimamisha, kile kinachoonyesha kama ukuta umesimama wima, fanya hivyohivyo ukutani: kiputo kikiwa katikati chora mstari, igeuze, kiputo kikirudi katikati chora tena palepale. Mistari miwili ikiachana, usiichukue.

Ukitaka kujua kosa ni kubwa kiasi gani, beba karatasi za ofisi. Karatasi moja ya kawaida ina unene wa milimita 0.1 hivi. Nivo nzuri huahidi kosa lisilozidi milimita 0.5 kwa mita, na kwenye sentimita 60 hiyo ni milimita 0.3. Ukigeuza, kosa linaonekana mara mbili. Basi kama karatasi sita chini ya ncha moja zinatosha kukirudisha kiputo mahali kilipokuwa, nivo imetimiza ahadi yake. Yangu ilidai penseli.

Ya kwanza kwangu ni Stabila, na sifichi kwamba naipenda. Ni kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1889. Hawakazi kichupa kwa skrubu: wanakigandisha ndani ya mwili kwa kumimina gundi ngumu, kikishakauka hakisogei tena. Hata ile ya kawaida ya njano, aina ya 70, ina ahadi ya milimita 0.5 kwa mita. Niliyonayo nimeipima siku niliyoinunua, nimeipima ilipoanguka kutoka kwenye ngazi, na nimeipima wiki hii. Karatasi tatu, kila mara. Bei yake iliniuma, kwa sababu kwa fedha hiyo ungepata rundo la zile za sokoni. Lakini kuvunja beto ya mita 3, kununua simenti na karo upya na kumlipa masoni mara ya pili kuliniuma zaidi.

Ya pili ni Sola ya Austria kama utabahatika kuipata, kisha Stanley, hasa FatMax. Zipime vilevile, kwa sababu jina lililoandikwa ubavuni si hakikisho. Za kuiga zipo nyingi, na rangi ya njano kila mtu anaweza kuipaka.

Zile za bei ndogo: ukipima kumi ukapata moja nzima, ichukue, na uipime tena kila mwezi.

Simu usiitumie badala ya nivo. Mgongo wake mara nyingi una kamera iliyochomoza, kwa hiyo hailali sawa. Nivo ya leza ni nzuri ndani ya nyumba, ila juani mstari mwekundu hauonekani, nayo inataka betri. Na kwa umbali mrefu, kutoka kona hadi kona ya msingi, mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji unashinda hata Stabila yangu, mradi hakuna hewa iliyobaki ndani. Papa masoni anao na anauamini.

Sasa wauzaji. Nilirudi na ile nivo nikiwa na penseli yangu mkononi, nikamwonyesha aliyeniuzia. Jibu lake: "Mama, nivo ni nivo." Duka la pili, katikati ya mji, walikataa nifungue plastiki. Eti ikishafunguliwa hainunuliki. Nami nitajuaje kilichomo? Nguo tunapima, viatu tunapima, mahindi ya kuchoma tunachagua moja moja, lakini chombo cha kupimia hakipimwi! Halafu bei inatajwa kwa dola, na dola yako ikiwa na mchaniko mdogo pembeni inakataliwa, ila chenji wanakurudishia kwa franga zilizochakaa ambazo hata muuza mboga anazigeuza mara mbili. Ukiuliza kwa nini bei imepanda, ni mpaka. Ukiuliza kwa nini bidhaa ni mbovu, ni mpaka tena. Mpaka haumzuii mwenye duka kugeuza nivo juu ya kaunta yake mwenyewe kabla ya kuiuza. Ni kazi ya nusu dakika. Nilipata duka moja tu ambalo kijana alinitolea tatu, akazilaza mwenyewe, akanisubiri nizigeuze zote. Hapo ndipo nilipoacha fedha yangu.

Ukishainunua, usiiache juani, hasa mwezi wa kumi kabla ya mvua. Majimaji ya ndani yanapanuka kwa joto, kiputo kinakuwa kidogo, na kukisoma kati ya mistari kunakuwa kugumu. Itundike kwa tundu lake, uifute simenti kabla haijakauka, kwa sababu punje moja chini ya nivo ni kosa kama lile la kichupa.

Papa masoni nilimwomba msamaha, nikamlipa kazi ya pili bila kupunguza. Stabila yangu anaichukua kila anapopata kazi. Akiirudisha tunailaza juu ya meza ya jiko, tunaigeuza, tunahesabu karatasi pamoja.