Uzoefu wangu na jedwali la uhalifu la Jiji la Chicago

Nilianza kulitumia jedwali hili kwa sababu ya nyumba. Tulikuwa tukitafuta fleti ya kupanga Rogers Park, pembe ya kaskazini kabisa ya Chicago, ambako utasikia Kiswahili cha Kongo dukani na kituoni, na kila tuliyemuuliza kuhusu usalama alijibu kwa hofu yake mwenyewe: mmoja aliapa kwamba karibu na stesheni ya Howard hapakaliki, mwingine ameishi hapo miaka na hajaona kitu. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenielekeza kwenye tovuti ya data huria ya jiji, ambako tangu 2011 yamewekwa matukio yaliyoripotiwa polisi kuanzia mwaka 2001, bure, na huhitaji kumwandikia mtu barua ya maombi.

Mistari sasa imepita milioni 8. Kila tukio lina mstari wake, isipokuwa mauaji, ambayo huhesabiwa kwa kila aliyeuawa. Utaona tarehe na saa, aina ya kosa, iwapo kuna aliyekamatwa, iwapo ni ugomvi wa kifamilia, na mahali lilipotokea: dukani, barabarani, ndani ya fleti, kwenye treni. Namba ya nyumba haitolewi kamili. Tarakimu zake mbili za mwisho hufichwa kwa herufi X, kwa hiyo unajua kipande cha mtaa bila kujua mlango wa nani. Matukio ya siku saba za karibuni hayamo.

Safu ya mahali ndiyo iliyotuamulia. Kipande cha mtaa kilichotutisha kwa wingi wa matukio, nilipokichuja, sehemu kubwa ilikuwa wizi wa bidhaa madukani, jambo linalomuumiza mwenye duka kuliko mpangaji wa ghorofa ya tatu. Huku ule mtaa wa miti mingi ambao dalali aliusifu kwa utulivu ulikuwa na magari yaliyoibwa usiku, moja baada ya jingine. Tukachukua fleti ya pale penye maduka. Nyumbani Tanzania, ripoti za mwaka za takwimu za uhalifu nilizozizoea zilinipa hesabu ya mkoa, na kwa hesabu ya mkoa huwezi kuchagua chumba.

Nilikuja kulielewa vizuri zaidi nilipoibiwa baiskeli uani. Nilitoa taarifa, na nilipoulizwa saa nikasema saa kumi na mbili jioni, kwa kubahatisha, maana niliiacha asubuhi na kuikosa usiku. Zaidi ya wiki moja baadaye nikaukuta mstari wangu: wizi, thamani isiyozidi dola 500, uani, hakuna aliyekamatwa, saa kumi na mbili kamili jioni. Ubahatishaji wangu ulikuwa umekaa hapo kama ukweli. Maelezo ya jedwali yanakiri kwamba muda mara nyingine ni makisio, lakini tangu siku hiyo nikiona matukio mengi yamerundikana kwenye saa kamili nawaona watu kama mimi wakikuna kichwa.

Jirani yangu, mama wa Kikongo, alinyang'anywa simu mwezi uleule, hatua chache kutoka mlangoni petu. Hakwenda polisi, kwani alikotoka, anasema, kumwendea askari ni kujiongezea tatizo la pili. Nimelitafuta tukio lake kwa mazoea tu, na bila shaka halimo. Mtaa wenye wageni wengi wanaoogopa sare unaweza kuonekana shwari kwenye ramani kuliko ulivyo, na hilo halirekebishwi na chujio lolote.

Polisi wenyewe wanatahadharisha kwamba aina ya kosa inaweza kubadilishwa baada ya uchunguzi na kwamba takwimu hizi zisitumiwe kulinganisha miaka. Wengi hawasomi hayo, hasa wanaosambaza picha za ramani kwenye makundi ya WhatsApp. Tatizo jingine ni lugha: kila kitu ni Kiingereza cha kipolisi, kwa vifupisho, na mara mbili nimeketi na wapangaji wa jengo letu nikiwatafsiria safu moja moja.

Naipa nyota nne. Ukitaka kuanza, chuja kwanza kwa mahali lilipotokea tukio, kisha kwa aina ya kosa, ndipo ufungue ramani.